Samaki wa Majani, Ziwa la Mawe: Kwa Nini Kivu Haina Besi?

"Sisi tuna ziwa kubwa namna hii, mbona hatuna samaki yule?"

Anayeuliza kwa kawaida ni kijana mwenye simu. Ndani ya simu kuna video ya Mmarekani aliyesimama kwenye mashua inayong'aa. Mmarekani anarusha samaki wa plastiki kando ya majani, anazungusha kigurudumu cha mshipi mara kadhaa, fimbo inapinda, na samaki wa kijani mwenye mdomo mpana anaruka nje ya maji. Kijana anainua macho na kulitazama Ziwa Kivu. Swali la pili halikawii: kama hayupo, mbona asiletwe? Watalii wangekuja, hoteli za Gisenyi zingejaa, na vijana wangepata kazi ya kuwapeleka wageni majini.

Ni maswali mazuri, na hayajibiwi kwa kusema tu kwamba serikali haijaamka. Jibu limo ndani ya maji yenyewe, na sehemu yake unaweza kuiona bila hata kufika ziwani.

Beseni linavyosema

Kati ya Gisenyi, upande wa Rwanda, na Goma, upande wa Kongo, kuna milango miwili mikuu ya mpaka. Ule ulio karibu na ziwa unaitwa Grande Barrière, au La Corniche. Huko ndiko hupita magari na wageni wenye mabegi ya magurudumu. Petite Barrière uko mbali kidogo na maji, ukitazamana na mtaa wa Birere upande wa Goma, na ni wa watu wa miguu. Kabla ya janga la korona, makumi ya maelfu ya watu walivuka hapo kila siku, wengi wao wanawake waliojitwika nyanya, vitunguu, unga, nyama na samaki. Upande wa pili chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, husubiri mizigo iliyozidi nguvu za kichwa.

Mtu anayetaka kujua ziwa lina nini aanzie kwenye mabeseni hayo. La kwanza lina sambaza, samaki mdogo wa rangi ya fedha, mrefu kama kidole. La pili lina tilapia. Hapo inabidi uulize, kwa sababu tilapia mwingine ni wa vizimba vya humu ziwani na mwingine amesafiri kwenye barafu kutoka mbali. Pengine utaona na ndugu. Hilo ni jina la vijisamaki vya kando ya ziwa, jamaa ya wale ambao watu wa Ziwa Victoria huwaita furu. Ukivuka hadi masoko ya Goma utakuta na makayabo, samaki wa baharini aliyekaushwa kwa chumvi, ambaye hajawahi kuliona Ziwa Kivu hata kwa mbali.

"Mama, sambaza ni ya leo?"

"Ya usiku huu, papa. Tazama macho."

Mnunuzi anatazama macho kama yangali maangavu, kisha anabonyeza tumbo kwa kidole. Sambaza aliyelala hupasuka tumbo upesi. Yule wa usiku huo hubaki mgumu, na mafuta yakishachemka hukauka mzima mzima, aliwe na kichwa chake, ugali na pilipili.

Kisichokuwemo katika beseni lolote ni samaki mwindaji mkubwa: yule anayekula samaki wenzake, anayefikia kilo tatu au nne na kupigana na mshipi. Sangara hayumo, wala besi. Hilo halitokani na uvivu wa wavuvi.

Besi ni nani?

Besi, na hapa nina maana ya besi wa mdomo mpana, ni samaki wa maji baridi ambaye asili yake ni mashariki mwa Amerika ya Kaskazini. "Maji baridi" ni namna ya Kiswahili ya kutaja maji yasiyo na chumvi, hata yakiwa ya uvuguvugu. Mgongo wake ni wa kijani kibichi, ubavuni ana mstari mweusi uliokatikakatika, na mdomo wake ukifunguka pembe yake hupita nyuma ya jicho. Rekodi ya besi mzito kuliko wote iliwekwa mwaka 1932 huko Georgia, Marekani, na George Perry. Samaki huyo alikuwa na kilo 10 na gramu chache. Rekodi hiyo ilikaa peke yake hadi mwaka 2009, Manabu Kurita alipovua mwingine wa uzito karibu uleule katika Ziwa Biwa, Japani. Tutarudi Japani baadaye, kwa sababu Wajapani hawakuifurahia rekodi hiyo kwa moyo mmoja.

Tabia inayotuhusu ni moja. Besi ni mvizia, hakimbizi mawindo masafa marefu. Hujibanza kwenye kivuli cha majani ya majini, shina la mti ulioanguka au nguzo ya gati, akangoja kitu kidogo kipite. Kikipita, anafungua ule mdomo wote kwa ghafla, maji yanavutwa ndani na mawindo pamoja nayo. Hata kuzaa kwake kunategemea maji mafupi: dume huchimba kiota chini penye kina kidogo, jike hutaga, na dume hubaki kulinda mayai na vifaranga.

Kwa hiyo besi anadai vitu vitatu: kina kifupi, majani ya kujificha, na samaki wadogo au kamba wanaoishi humo humo majanini.

Chambo kisicholiwa

Yule samaki wa plastiki wa kwenye video ana jina lake la kigeni, krenkibeti. Ni chambo bandia, yaani chambo ambacho hakina ladha wala harufu ya chakula na kinafanya kazi kwa kudanganya jicho na ngozi tu. Kiwiliwili chake ni cha plastiki au mti mwepesi, tumboni na mkiani zinaning'inia ndoana mbili zenye meno matatu kila moja, na chini ya kidevu kumechomoza kibamba cha plastiki. Tukiite kibamba hicho ulimi, maana ndicho kinachozungumza na maji.

Ukiacha kuvuta, chambo kinaelea. Ukivuta, maji yanausukuma ulimi chini na chambo kinazama huku kikitikisika kushoto na kulia. Ulimi mfupi uliosimama huzamisha chambo nusu mita au mita moja hivi; ulimi mrefu uliolala mbele hukipeleka mita tatu, nne, na zaidi. Mshipi mwembamba nao hukisaidia kushuka, kwa sababu haupingwi na maji sana. Fundi wa mambo haya hachagui chambo kwa rangi kwanza, japokuwa dukani rangi ndizo zinazouza. Anauliza majani yameishia kina gani, kisha anachagua ulimi utakaopitisha chambo juu kidogo tu ya ncha za majani hayo.

Mtikisiko ule una kazi. Samaki wana mstari wa vitundu vidogo ubavuni ambao huhisi mtetemo wa maji, kwa hiyo besi aliye gizani au kwenye maji yaliyochafuka kidogo hujua kitu kinapita kabla hajakiona. Vyambo vingine hujazwa shanga za chuma ndani ili vilie. Vipo na visivyo na ulimi kabisa: hivi huzama vyenyewe, na mvuvi huviacha viguse majani kisha huving'oa kwa mkwanyuo mmoja wa fimbo.

Mvuvi mgeni huyaogopa majani kwa kuwa hukamata ndoana, akarusha chambo mahali peupe ambako hakuna samaki. Mzoefu hurusha sambamba na ukingo wa majani, ili chambo kitembee kandokando yake mwendo mrefu badala ya kukatiza mara moja. Mkononi anasikia mtikisiko wa chambo, tik-tik-tik. Mtikisiko ukipotea, kuna jani limenasa. Anakivuta hadi mashuani na kulisafisha, kwa sababu chambo chenye jani hakidanganyi hata samaki mjinga. Chambo kikigonga shina, anaacha kuvuta. Kwa kuwa kinaelea, kinarudi nyuma na kupanda polepole, mkia kwanza, mfano wa kisamaki kilichoumia. Kisha anaanza kuvuta tena, na mara nyingi besi hupiga katika kituo hicho kifupi. Ndiyo maana baadhi ya ndimi hukatwa pembe za mraba, zigonge mti na kuruka pembeni bila kunasa.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu yanajibu nusu ya swali la kijana wetu. Kila hatua ya uvuvi huu, kuanzia urefu wa ulimi hadi mahali pa kurushia, imepimwa kwa majani. Ondoa majani na chombo chote kinabaki pambo la ukutani.

Mita sitini za uhai

Sasa tulitazame Kivu. Ziwa liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na mahali penye kina kikubwa linashuka mita 485. Milima inaingia majini bila kupunguza mwendo: ukiwa kwenye mtumbwi, mara nyingi umeshavuka mahali pa kusimama kabla hujahesabu makasia kumi. Kingo zake nyingi ni mawe, na upande wa kaskazini mawe hayo ni ya volkano. Mwaka 2002 uji wa moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya Goma na kuingia ziwani. Matete na majani yapo, lakini ni ya vipande vipande: ndani ya vighuba vilivyotulia na kwenye midomo ya mito, kama Sebeya inayoingia ziwani upande wa Rubavu, wilaya ya Gisenyi. Na Sebeya, kila mtu wa Rubavu anajua, ikinyeshewa milimani huleta tope jekundu. Mnamo Mei 2023 ilifurika hadi ndani ya nyumba za watu.

Chini ya maji kuna kizuizi kikubwa zaidi. Ni mita 60 au 70 tu za juu zenye oksijeni, hewa ambayo samaki huivuta kupitia matamvua. Huko chini maji ni mazito kwa chumvichumvi na yamebeba gesi mbili, kabonidioksidi na methani. Kwa kuwa ni mazito hayapandi, na yale ya juu yanakaa juu yake kama mafuta juu ya mchuzi. Methani hiyo si hadithi: kuanzia miaka ya 1960 iliwahi kuchemsha mitambo ya kiwanda cha bia cha Bralirwa hapo hapo Gisenyi, na tangu 2016 inazalisha umeme wa KivuWatt huko Karongi. Yanayotupa umeme ndiyo maji ambayo samaki hawezi kukaa.

Kwa mtazamo wa besi basi, ziwa lenye ukubwa wa kilomita za mraba zaidi ya 2,300 ni utepe mwembamba tu wa kando, uliokatikatika. Kinachobaki ni maji ya wazi, na ya wazi hayamfai mvizia.

Historia nayo ina mkono wake. Zamani sana maji ya bonde hili yalielekea kaskazini, kwenye Ziwa Edward. Volkano za Virunga zikaziba njia, maji yakajaa hadi yakapata mlango mpya kusini kupitia mto Ruzizi kwenda Tanganyika. Samaki wa Tanganyika, ziwa lenye mamia ya aina, walishindwa kupanda maporomoko ya Ruzizi. Ndiyo sababu Kivu ina aina chache mno, thelathini hivi, na kati ya hizo zipo 15 za ndugu zisizopatikana popote pengine duniani.

Sambaza aliingiaje?

Hapa msomaji makini ananikatiza: kama ziwa ni gumu hivyo, sambaza anajazaje mabeseni ya Petite Barrière kila asubuhi?

Sambaza ni mgeni. Hadi miaka ya 1950 maji ya wazi ya Kivu hayakuwa na samaki wa kuishi humo. Kulikuwa na planktoni, yaani mimea na vijidudu vidogo mno vinavyoelea majini, lakini hakukuwa na wa kuvichuja. Kati ya 1958 na 1960, wakati wa utawala wa Wabelgiji, vifaranga vya dagaa wa aina mbili vililetwa kutoka Tanganyika. Yule ambaye ndiye wingi wa dagaa wa Kigoma alishindwa kuishi. Mwenzake alifaulu, na ndiye tunayemwita sambaza.

Halafu watu wakachelewa. Samaki walikuwepo lakini uvuvi wa kuwafikia haukuwepo, hadi mwishoni mwa miaka ya 1970, mradi wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, uliokuwa na makao Gisenyi, ulipoanza kuendeleza uvuvi wa taa. Unaoonekana leo ni huu: mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu ya mikaratusi inayochomoza mbele na nyuma, wavu wa matundu madogo umening'inizwa katikati, na taa juu yake. Jioni jua likizama, kundi moja baada ya jingine hutoka ghubani kwa makasia na nyimbo za kupokezana. Taa za mafuta zimezipisha za umeme wa jua. Mwanga huvuta vijidudu, vijidudu huvuta sambaza ambao mchana walikuwa wamejificha chini, na wavu huinuliwa kutoka chini yao wote kwa pamoja. Usiku wa mbalamwezi mavuno hupungua, maana mwezi nao ni taa, na hauna wavu chini yake.

Angalia tofauti ya akili mbili. Mvuvi wa besi humtafuta samaki mmoja mahali pake pa kujificha. Mvuvi wa sambaza hana mahali, maji yote ni sawa, kwa hiyo anatengeneza mahali kwa mwanga na kuwaita maelfu waje. Kila njia imezaliwa na ziwa lake, na kwa maoni yangu ile ya mitumbwi mitatu inahitaji ujuzi mkubwa zaidi, ingawa hakuna kampuni inayoitangaza kwenye video.

Kwa ufupi:
– Maji ya wazi ya Kivu yalikuwa na chakula kisichokuwa na mlaji, sambaza akakijia.
– Kingo za Kivu tayari zina wenyewe, na ndugu ndio wenyeji wa hapo.
– Besi akiletwa hataenda kwenye maji ya wazi. Ataenda kwa ndugu.

Basi tumlete? Waliomleta wanasemaje

Afrika Mashariki tuna ziwa la besi tayari, nalo ni Naivasha, nchini Kenya. Wapo wanaosimulia kwamba aliyemleta ni Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani aliyewinda sehemu hizo mwaka 1909. Hadithi tamu, ila Roosevelt alifariki Januari 1919, na besi walitiwa Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1920, kwa ajili ya walowezi waliotaka mchezo wa fimbo.

Naivasha ina kila kitu ambacho Kivu haina. Ni ziwa la kina kifupi, mita tano hivi kwa wastani, lililozungukwa na mafunjo, na zamani chini yake kulikuwa na bustani nzima za majani na yungiyungi. Kabla ya wageni lilikuwa na samaki mmoja tu wa asili, mdogo sana. Mara ya mwisho alionekana humo mwaka 1962. Mwaka 1970 wakaletwa kamba wekundu wa maji baridi wenye asili ya Marekani. Besi wakubwa wakawala kwa furaha, lakini kamba nao wakala majani ya chini ya maji hadi sehemu kubwa ya ziwa ikabaki tope tupu. Magugu maji, yale yanayoelea na maua yake ya zambarau, yalifika mwishoni mwa miaka ya 1980. Miaka kumi hivi baadaye akaja kapi, samaki mnene anayechimbua tope kwa mdomo, na ndiye aliyekuja kujaa kwenye mavuno. Besi yupo bado. Ila si mfalme tena, na anayekwenda kumtafuta kwa chambo bandia hukiendesha kandokando ya mafunjo na magugu yanayoelea, akiwa na jicho moja kwa kiboko.

Mfano ulio karibu zaidi na Kivu, hata hivyo, uko upande wa pili wa dunia. Ziwa Atitlán, nchini Guatemala, ni la volkano, lenye kina cha zaidi ya mita 300 na milima inayoingia majini. Mwaka 1958, wakati vifaranga vya dagaa vikianza kusafirishwa kuja kwetu, wao walitia besi. Sababu ilikuwa ileile ya kijana wetu: watalii waje wavue. Besi walijaa kwenye ule utepe mwembamba wa matete, wakala samaki wadogo na kaa ambao wenyeji maskini walikuwa wakiwanasa kwa mitego ya bei rahisi. Kando ya matete hayo aliishi ndege wa majini aliyeitwa poc, asiyeweza kuruka, ambaye hakuwepo ziwa jingine lolote. Besi walimnyang'anya chakula na kumeza makinda yake. Matete yalikatwa, na baada ya tetemeko la mwaka 1976 maji yakashuka. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 poc alikuwa ametoweka.

Maziwa mawili ya volkano, miaka ileile, wageni wawili. Sambaza wetu alipewa maji yaliyokuwa matupu. Besi wa Atitlán alipewa kingo zilizokuwa na wenyewe. Siwezi kudai kwamba sambaza hakuharibu kitu: kijidudu kimoja kikubwa cha planktoni, kiitwacho dafnia, kilitoweka Kivu baada yake. Lakini hasara ya kijidudu kimoja na hasara ya aina 15 za ndugu haziko kwenye mizani moja.

Anayetaka mfano wa nyumbani anao sangara wa Ziwa Victoria, aliyetiwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960. Alileta viwanda na fedha za kigeni Mwanza, Kisumu na Jinja, na alisaidia kuangamiza aina nyingi sana za furu. Watu wanaendelea kubishana kama biashara ile ilikuwa na faida. Sangara, lakini, hufikia kilo mia na zaidi, na Ulaya inamnunua. Besi wa Kivu angekuwa wa kilo mbili, wachache, wa mchezo. Sijaona hesabu inayoweza kulipa.

Japani waliomleta mwaka 1925 wamefika mwisho wa njia hiyo. Licha ya rekodi ya Ziwa Biwa, tangu mwaka 2005 sheria yao inakataza kusafirisha besi akiwa hai au kummwaga kwenye maji mengine. Kwa hiyo nchi ambayo mvuvi wake anashiriki rekodi ya dunia ndiyo hiyo hiyo inayomhesabu besi kuwa mvamizi.

Uliye na fimbo Rubavu ufanye nini?

Kama fimbo unayo tayari, usiitupe. Uliza kwanza habari za ruhusa na za miezi ya kufunga ziwa, maana kila mwaka Rwanda husimamisha uvuvi wa sambaza kwa muda, kwa kawaida kuanzia Agosti, samaki wapate kuzaa na kukua. Usishike nyavu za kaningini, zile nyembamba zilizopigwa marufuku, hata ukiambiwa kwamba kila mtu anazo.

Kisha badilisha chambo. Tilapia si mwindaji; chakula chake ni mwani na mabaki ya chini. Chambo bandia cha besi kitapita mbele yake mara ishirini bila yeye kugeuza kichwa. Tumia ndoana ndogo, donge la ugali au mnyoo, boya jepesi, na ukae kwenye ghuba yenye matete asubuhi kabla upepo haujaanza. Kambare naye anapenda mnyoo, ila yeye ni wa jioni na wa kwenye tope. Huo ndio uvuvi wa majani tulio nao, na una raha yake kwa mtu asiye na haraka.

Anayetamani mapigano ya besi apande basi hadi Naivasha. Akate leseni, akodi mtumbwi na mtu anayezijua njia za viboko, achukue chambo cha ulimi mfupi, na arushe sambamba na ukingo wa mafunjo.

Kivu bado haijamaliza kupokea wageni. Mwaka 2006 kulionekana ziwani samaki mwingine wa Tanganyika, mwembamba mwenye vidoa vya buluu, anayetagia kwenye nyufa za mawe ya kando. Hakuna mradi uliotangaza kumleta, na sasa ameshaenea. Kwa hiyo ukikutana na mtu mwenye ndoo ya vifaranga hai, akakuambia ni zawadi kwa vijana na utalii wa Rubavu, usimsaidie kuimwaga. Mpeleke kwanza kwa maofisa wa uvuvi wa wilaya au wa RAB, bodi ya kilimo na mifugo ya Rwanda, wamuulize ni samaki gani na ametoka wapi, kwa sababu besi wakishatiwa ndani ya Kivu hakuna wavu utakaowatoa wote.